Kambare aliyeikwepa antena ya pili: siku moja maishani mwangu

Saa 10:15 alfajiri

Maji yamenifika magotini, taa iko kichwani, nasubiri namba itulie kwenye kipima oksijeni. Kazi yangu ni kufuatilia safari za samaki kijitoni, na huwa naulizwa kwa nini nisije saa za watu wengine. Ni kwa sababu kijito cha mashambani hudanganya mchana. Mvua huosha mbolea na kuiteremsha majini, mbolea huneemesha mwani. Jua likiwaka mwani hutoa oksijeni, giza likiingia nao huanza kuivuta, kwa hiyo kabla ya mapambazuko ndipo maji yanapokuwa hoi kabisa. Leo nasoma miligramu 2.6 kwa lita. Samaki wengi huanza kuhangaika zikishuka chini ya 5.

Pembeni ya kingo visamaki vimepanga midomo juu ya maji, vinapiga funda. Saa kama hizi hakuna anayesafiri. Kila mmoja anatafuta pumzi tu.

Saa 12:30 asubuhi

Betri. Naziita mzigo wa punda: tatu, na kila moja lazima ibebwe begani hadi kwenye antena yake. Antena yenyewe ni kitanzi cha waya kilichozunguka kijito kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, mfano wa fremu ya mlango. Samaki tuliyemwekea chipu akipita, chipu inaamshwa na nguvu ya kitanzi, inataja namba yake na kunyamaza. Ndani yake haina betri, ndiyo maana inaweza kudumu maisha yote ya samaki. Antena ya 1 iko upande wa chini, maji yanakoelekea, ya 2 iko mdomoni mwa kalavati, ya 3 iko mita 200 mbele, upande wa juu maji yanakotoka.

Saa 2 asubuhi

Kalavati hili limeninyima usingizi msimu mzima. Ni bomba la zege la mita 9, liliwekwa ili trekta zivuke. Kijito kilinyooshwa ili shamba lipate mistari mizuri, na maji yaliyokosa kona yakashika kasi, yakachimba chini ya mdomo wa bomba mpaka ukabaki unaning'inia. Leo nimepima sentimita 34 kutoka mdomoni hadi usoni mwa maji. Ndani yake maji yanakwenda mita 1.4 kwa sekunde.

Sasa piga hesabu. Kwa kukisia, samaki mdogo akijitutumua kwa nguvu zote huenda mara 10 ya urefu wake kwa sekunde, na hapo ni kwa sekunde chache tu. Mwenye sentimita 10 anafikisha mita 1. Hata ukimbeba mkononi ukamweka ndani ya bomba, atarudishwa kinyumenyume. Lawama zote huenda kwa mabwawa makubwa, kumbe kizuizi ni kitu ambacho mtoto anakiruka.

Saa 4 asubuhi

Chipu kwa samaki watano. Ndoo ya maji yenye mafuta ya karafuu kidogo, samaki analegea, tundu dogo tumboni, chipu inaingia. Ya milimita 23 ina gramu 0.6 hivi, na kanuni ya wengi wetu ni kwamba isizidi asilimia 2 ya uzito wa samaki, kwa hiyo wa chini ya gramu 30 tunamwachia. Kambare wa mwisho hakuwa amelewa vya kutosha: alitanua mwiba wa pezi la kifuani, ukajifunga kama kufuli, na kidole gumba changu kilikuwa katikati. Naandika haya kwa vidole tisa.

Saa 7 mchana

Kivulini na kompyuta. Na hapa ndipo siku ilipogeuka. Kambare namba 0417, sentimita 41, usiku wa mvua kubwa ya juzi: antena ya 1 saa 7:52 usiku, antena ya 3 saa 9:20. Antena ya 2, kimya.

Kwanza nililaumu waya. Lakini chipu ya majaribio niliyoifunga pale ilijitaja kila dakika 10 usiku mzima. Chipu mbili zikipita pamoja huweza kuzibana sauti, hilo nalijua. Ila hakuna mwingine aliyesomwa usiku ule pale, na kambare si mrukaji.

Saa 9 mchana

Oksijeni 11.4. Si nilisema?

Saa 10 jioni

Nikamfuata mzee mwenye shamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Samaki wako wamekutoroka?"

"Mmoja, mzee. Usiku ule wa mvua maji yalipita wapi?"

Hakujibu, alitangulia tu. Kumbe kijito kilifurika upande wa juu wa kalavati, maji yakakata majanini, yakaingia mfereji wake wa kutolea maji, yakarudi kijitoni upande wa chini wa bomba. Mfereji huohuo nimekuwa nikiulaani kwa kumwaga tope juu ya changarawe ya kijitoni! Tulitembea hatua kama 80. Nyasi zilikuwa zimelala zote upande mmoja, na maji hayakuwa yamezidi kifundo cha mguu, ambayo kwa kambare ni barabara: anapumua hewa na hujiburuta penye unyevu. Ndani ya alama ya tairi la trekta lilibaki dimbwi la ukubwa wa sinia. Visamaki vitatu vilikuwa vimekufa, cha nne kinatapatapa. Nilikichota kwa kofia.

"Wiki ijayo nauziba huu," mzee akasema. "Udongo wangu unaondoka."

Siwezi kumbishia, nimeuona udongo wake, uko juu ya changarawe yangu. Nilimwomba asubiri mvua moja ipite. Akatazama mawingu, akatazama kidole changu.

"Moja tu."

Saa 1:40 usiku

Waya uliobaki umetosha kitanzi kimoja. Betri nimeichomoa antena ya 1, sina nyingine. Antena ya 4 imelala majanini penye ukavu mtupu, na chipu ya majaribio inajitaja kila dakika 10.