Rota mpya yenye ribiti

Morris Minor yangu, gari dogo la Kiingereza, ni ya mwaka 1967, injini ya cc 1098, na kabla sijaigusa ilikuwa inawaka vizuri. Tatizo lake lilikuwa dogo: kwenye mwendo wa taratibu, nikiwa nimekanyaga mafuta nusu, ilisita kidogo kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Nikaagiza pakiti nzima ya tyuni, yaani vipuri vya kuwashia cheche: pointi (swichi ndogo inayofunga na kukata umeme), kondensa (linalozilinda pointi zisiungue), rota (linalozunguka kugawa umeme), kifuniko cha distributa (chombo kinachopeleka umeme kwa kila plagi kwa zamu) na plagi nne. Vyote vipya, kila kimoja ndani ya kijiboksi chake. Jumamosi asubuhi nikabadilisha vyote kwa mkupuo mmoja.

Jioni gari lilikuwa linakohoa. Likipata moto linazima kabisa, likipoa kama dakika ishirini linawaka tena bila aibu.

Mjomba aliyeniachia gari hili alikuwa na kauli yake: kabureta husingiziwa mengi. Nami nikaenda kuifungua kabureta hiyo hiyo. Siku mbili zikaishia humo na sikukuta hata chembe ya uchafu. Ndipo nilipofanya jambo ambalo ningelifanya mwanzo: nikaokota vipuri vya zamani kwenye ndoo ya taka na kuvirudisha kimoja kimoja, huku nikiendesha kidogo baada ya kila kimoja. Niliporudisha rota kuukuu, lenye ufa mdogo na rangi ya chai, gari likatulia.

Rota mpya lilikuwa na ribiti katikati, yaani pini ya chuma iliyogongwa, inayoshika kile kipande cha shaba. Ribiti ikiwa ndefu, au plastiki iliyo chini yake ikiwa nyembamba, umeme mkali wa koili, ile inayokuza umeme wa betri, hauna sababu ya kuhangaika hadi kwenye plagi. Unatoboa kwenda chini, unaingia kwenye shafti ya distributa, umefika nyumbani. Joto linafanya hali iwe mbaya zaidi, ndiyo maana rota likipoa linajifanya halina kasoro.

Kulipima rota hakuhitaji kifaa maalumu. Toa kifuniko, acha rota mahali pake, pointi zikiwa zimefunga. Shika ule waya mkubwa wa koili kwa koleo yenye mpini wa mpira, ncha yake iwe milimita tatu hivi juu ya shaba ya rota, katikati. Washa swichi, kisha fungua na kufunga pointi kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki. Kama cheche zinaruka kwenda kwenye shaba kila pointi zinapofunguka, rota linavuja. Zima swichi mara ukimaliza, koili isichemke. Sasa nanunua rota zisizo na ribiti, na hata hizo nazipima kabla sijafunga kifuniko.

Kondensa ni mjanja zaidi. Multimita yangu inapima, na kondensa zima husoma karibu mikrofaradi 0.2. Lakini multimita inapima kwa volti chache tu, wakati pointi zikifunguka kondensa linapigwa na mamia ya volti. Kwa hiyo linaweza kufaulu mezani na kufeli njiani. Dalili ninayoiamini ni pointi zenyewe: zikiungua upesi na kuwa za bluu, simlaumu mwingine. Na msikimbilie vya zamani eti kwa sababu ni vya zamani. Makondensa ya kale yalifungwa kwa karatasi, na karatasi iliyokaa stoo miaka hamsini inaweza kuwa imenyonya unyevu.

Pointi mpya natazama kisigino chake, kile kinachosuguana na kamu, sehemu ya shafti yenye pembe inayofungua pointi. Kisigino laini kinaisha haraka, nafasi inajibana, na taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, inachelewa pole pole bila wewe kujua. Napaka grisi kwenye kamu, kiasi cha punje ya mchele, isizidi. Chini ya rota nadondoshea matone mawili ya mafuta ya cherehani. Mimi ni fundi wa kushona, chupa yake haikosekani mezani kwangu.

Kuhusu vifaa, miaka yote nilipima nafasi ya pointi kwa fila geji, vibamba vyembamba vya kupimia, milimita 0.35 hadi 0.40, na nilijiona nina mkono mwepesi. Kwa pointi mpya fila geji inatosha. Zikishatumika, upande mmoja unaota kinundu na wa pili kishimo. Bamba la geji linagusa kinundu na kukudanganya. Kwa hiyo nikanunua dweli mita ya zamani, yenye mshale. Inaonyesha pointi zinakaa zimefunga kwa nyuzi ngapi katika kila mzunguko wa kufunga na kufungua. Kwa distributa yangu, Lucas 25D4, ni nyuzi 60, zaidi au pungufu ya tatu. Mshale ukitetemeka hovyo, basi shafti ya distributa imelegea kwenye bushi zake, na hapo hakuna pointi ya kukuokoa.

Pointi kwanza, taimingi baadaye. Ukigeuza mpangilio huo unarudia kazi, kwa sababu kila ukigusa nafasi ya pointi unaisogeza taimingi pia. Taa ya taimingi, inayomulika alama za puli kila cheche inaporuka, nayo ilinitoa jasho: kwenye gari hili chanya ya betri ndiyo inayofungwa kwenye bodi, kwa hiyo ile klipu nyekundu inakwenda kwenye bodi. Nilikaa nikiitukana taa isiyo na kosa. Tena alama zenyewe ziko chini, nyuma ya puli, kwa hiyo nalala mgongoni kama ninayesubiri mvua, na alama ya puli nimeipaka chokaa nyeupe ili ionekane.

Jambo moja kwa anayeagiza vipuri: usimtajie muuzaji mwaka wa gari tu. Futa ubavu wa distributa kwa kitambaa na usome herufi na namba zilizogongwa pale. Magari haya yamepita mikono mingi, na distributa iliyomo huenda si ile iliyotoka nayo kiwandani. Nilipotaja namba hizo, muuzaji wa pili alinijibu kwa maswali badala ya kunitumia bei, nami nikajua nimepata mtu.

Na ile kusita ya mwanzo? Haikuhusiana na kipuri hata kimoja kati ya vile vya pakiti. Juzi nilichomoa kibomba cha vakyumu, kinachopeleka mvuto wa hewa kwenye distributa ili cheche iwahi ukikanyaga mafuta nusu, upande wa kabureta, nikavuta hewa kwa mdomo na kuziba kwa ulimi. Ulimi haukunata hata kidogo. Diaframu, ile ngozi ya ndani inayovutwa na hewa hiyo, imepasuka. Nimeshaagiza nyingine, kwa namba ya ubavuni, na ikifika naivuta kwa mdomo kabla haijagusa gari.