Risiti Ndani ya Kopo la Maziwa

Mwezi wa sita mwaka 2021, mnunuzi wetu wa Lubumbashi, Kongo, alimpigia mama simu kuuliza kama kikundi kimevunjika. Alikuwa ametuma baruapepe tatu kuagiza dagaa, zote zimemrudia, na tovuti haifunguki. Mama alipokata simu aliniangalia tu. Mimi ndiye niliyewashawishi wawe na tovuti, na fundi nilimleta mimi.

Kikundi chenyewe ni cha akina mama kumi na wanne wanaouza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Dagaa wao wanaanikwa juu ya chanja, si chini mchangani, na hiyo ndiyo sifa yao sokoni. Aliyewahi kutafuna dagaa wenye mchanga anaelewa kwa nini mnunuzi anakubali kuongeza hela. Walipoanza kufunga pakiti za nusu kilo tulichapisha lebo zenye anwani ya tovuti, na maboksi ya lebo hizo yalikuwa bado chini ya kitanda cha mama. Rafiki zangu wakanishauri nisajili jina jingine, yaishe. Sikutaka hata kulifikiria. Jina lile lilikuwa limeshavuka mpaka, limebandikwa kwenye chakula, na watu walikuwa wanaliamini.

Nilimfuata fundi kwenye kiofisi chake karibu na Barabara ya Nyerere, nikakuta panauzwa makava ya simu. Namba zake zote hazipatikani. Jirani mmoja akasema kahamia Dar, mwingine akasema Msumbiji. Nilichokuja kugundua ni kwamba kila kitu chetu kilipita kwenye akaunti yake ya uwakala: seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, baruapepe, na domeini yenyewe, yaani jina la tovuti, ambayo ilikuwa ya .com na imesajiliwa kwa msajili wa ng'ambo, kampuni inayosajili majina hayo. Alipoacha kulipia seva, tovuti na baruapepe vikazimika pamoja. Domeini ilikuwa bado hai, lakini muda wake ulikuwa unaisha tarehe 9 Septemba.

Nikamwandikia msajili. Jibu: wasiliana na wakala wako. Nikaeleza kwamba wakala, yaani yule fundi, hapatikani. Jibu: wasiliana na wakala wako. Nikaomba niilipie domeini mwaka mmoja mbele, wakasema mwenye akaunti ndiye anayeweza kulipa. Nikaomba namba ya siri ya kuhamishia domeini kwa msajili mwingine, wakasema namba hiyo hutumwa kwenye baruapepe ya mmiliki iliyoandikwa kwenye rejista, basi. Na baruapepe hiyo, kwa kadiri nilivyokumbuka, ilikuwa ya katibu wa kikundi, kwenye domeini ile ile iliyozimika.

Kilichokuwa kinaninyima usingizi ni jambo jingine. Sikujua nani ameandikwa kuwa mmiliki. Nilipoitafuta domeini yetu kwenye rejista ya wazi, sehemu ya mmiliki ilikuwa imefichwa, kama zilivyo nyingi tangu sheria ya faragha ya Ulaya ianze kutumika Mei 2018. Kama fundi alijiandika yeye, tusingekuwa na la kusema.

Nikaenda kwa mama mkubwa, mhazini wa kikundi, nyumbani kwake Kirumba. Nilimkuta uani anachambua dagaa kwenye ungo, anatoa vichwa vilivyokatika. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akaniuliza, "Huyo kijana siku ile tulimlipa shilingi ngapi?"

"Sikumbuki, mama mkubwa."

"Mimi nakumbuka. Na nilimwambia bila karatasi hela haitoki."

Akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na kopo kubwa la maziwa ya unga lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani mlikuwa na risiti za miaka yote: ushuru wa soko, magunia, nauli za mizigo, mbao za chanja, kila fungu limefungwa kwa uzi wake. Mama mkubwa alisoma hadi darasa la nne. Aliyapitia mafungu yale kwa kidole gumba, taratibu, hadi akafika kwenye karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa imeingia harufu ya dagaa na kona moja ilikuwa na doa la mafuta. Ni ile taarifa ya msajili ya siku domeini iliposajiliwa, ambayo fundi alilazimika kuichapisha ili alipwe. Jina la domeini, tarehe, na chini yake, kwenye mstari wa mmiliki, jina la kikundi. Jina lote, halikupungua herufi. Baruapepe: ya katibu.

Nilikaa chini pale pale kwenye jamvi la dagaa.

Kuanzia hapo nilikuwa na pa kusimamia. Wasajili wa .com hawafanyi kazi kiholela. Wana mkataba na ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina ya tovuti duniani, lililoanzishwa 1998 huko California. Nilisoma kanuni zake usiku, kwa bando la usiku, mstari kwa mstari. Mbili zilinihusu. Msajili anawajibika hata pale anapouza kupitia wakala. Na mmiliki akiomba namba ya siri ya uhamisho, kama hana pa kujichukulia mwenyewe, msajili anatakiwa ampe ndani ya siku tano. Mimi nilikuwa nimeshasubiri karibu mwezi. Nikajaza fomu ya malalamiko, ambayo haina malipo, nikaambatanisha picha ya karatasi ya mama mkubwa na mawasiliano yote. ICANN haishiki domeini ya mtu wala haiwezi kukuhamishia, ila inaweza kumwuliza msajili kwa nini anakiuka mkataba wake.

Tarehe 3 Agosti msajili akaniandikia mwenyewe, na safari hii hakumtaja wakala. Alitaka uthibitisho kwamba sisi ndio kikundi hicho. Na kwa wema kabisa akaongeza kwamba, kwa kuwa baruapepe ya katibu haifanyi kazi, wangetubadilishia waweke nyingine.

Nilikuwa nimeshaandika "asante, badilisheni". Sijui nini kilinizuia kubonyeza. Nikarudi kwenye kanuni na kukuta kwamba ukibadilisha baruapepe ya mmiliki, domeini inaweza kufungwa isihamishwe kwa siku 60. Nikahesabu kwenye kalenda ya ukutani: zilibaki siku 37. Tungefungiwa kwenye akaunti ya mtu asiyepatikana, tusioruhusiwa kulipa, hadi muda uishe. Baada ya hapo ni muda wa nyongeza anaoupanga msajili, kisha siku 30 za kuikomboa kwa faini, siku 5 za kusubiri kufutwa, na mwisho anaichukua yeyote atakayewahi.

Nikafuta, nikaandika upya. Msiguse jina wala baruapepe ya mmiliki. Ielekezeni tu domeini kwenye seva mpya nilizowatajia. Seva zikiishika, baruapepe ya katibu itafufuka, nanyi mtatuma namba ya siri huko huko mnakosema kanuni inataka.

Mwenyekiti, katibu na mama mkubwa walikwenda kwa wakili kula kiapo, wamevaa vitenge vya sare kama wanakwenda harusini. Tukapata na barua ya mtendaji wa kata. Nikaskani cheti cha kikundi, kiapo, barua na karatasi ya kopo, nikatuma.

Tarehe 12 seva zikabadilishwa. Tarehe 14 usiku, mwezi ukiwa bado mchanga, taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimejipanga ziwani kama mji mwingine. Nilikuwa nimekaa na simu mlangoni kwa mama, nafungua sanduku la katibu kila baada ya dakika chache. Lilikuwa tupu. Barua zilizotumwa wakati limezimika hatukuzipata kamwe. Oda za miezi ile zilipotea, na hilo bado linaniuma. Saa nne kasoro ikaingia barua moja, yenye mstari wa herufi na namba zilizochanganyika. Niliinakili kwa kalamu kwenye daftari kabla ya kufanya kitu kingine chochote.

Uhamisho wenyewe ulikuwa kusubiri tu. Msajili wa zamani ana siku tano za kupinga, akinyamaza, unapita. Alinyamaza. Gharama ilikuwa kama dola 12, na mwaka mmoja ukaongezeka juu ya ule uliokuwapo.

Mama alimpigia mnunuzi wa Lubumbashi, naye akaagiza magunia sita papo hapo.

Nilimpelekea mama mkubwa risiti mpya. Aliitazama mbele na nyuma, akaniuliza ni lini tena ya kulipa. Nikamwambia. Akachukua kalamu, akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa, akiikandamiza karatasi juu ya goti: 9 SEPTEMBA. Kisha akaikunja mara nne na kuomba nimshikie mpira wa baiskeli wakati anafunga kopo.