Ukimwonyesha Mzungu picha ya Kihindi, asiruke nyimbo

Aliyekulia Unguja, Dar au Mombasa hahitaji kuelezwa kwa nini steringi anaimba. Rafiki wa Kizungu anahitaji. Kwao wimbo mara nyingi husimamisha hadithi, kwa hiyo wa kwanza ukianza tu anashika rimoti, na filamu inamponyoka papo hapo.

Mwanzishie Lagaan ya mwaka 2001. Ni kijiji cha Champaner, mwaka 1893, chini ya Waingereza: mvua hakuna na kodi inadaiwa. Katika Ghanan Ghanan wanakijiji wanaona mawingu, wanayachezea kwa furaha, kisha mawingu yanapita bila kunyesha. Asiyeyaona hayo hawezi kupima uzito wa Bhuvan, kijana wa kijiji, kukubali dau la kriketi dhidi ya Waingereza: wakishinda, hakuna kodi miaka 3, wakishindwa, watalipa mara 3. Baadaye, katika O Rey Chhori, Bhuvan na Gauri, msichana wa kijijini anayempenda, wanaimbiana huku Elizabeth, Mwingereza, akiimba penzi lake kwa Kiingereza. Mapenzi ya watu watatu yanaelezwa kwa wimbo mmoja!

Ndiyo maana lazima ukague tafsiri ya maandishi kabla ya kumwita sebuleni. Peleka filamu mbele hadi wimbo wowote, uone kama mashairi yametafsiriwa. Nakala nyingi huacha maandishi pale muziki unapoanza, mgeni akabaki na rangi na ngoma tupu. Ukikuta nakala ya hivyo, tafuta nyingine.

Mwambie mapema kwamba sauti ya Aamir Khan, anayeigiza Bhuvan, kwenye nyimbo nyingi ni ya mwimbaji Udit Narayan. Wimbo hurekodiwa studio kwanza, mwigizaji akaufuatisha kwa midomo, na hakuna anayefichwa: waimbaji wa namna hiyo, Lata Mangeshkar na Mohammed Rafi, walipendwa kama mastaa wenyewe.

Lagaan ina saa 3 na dakika 44. Picha hizi hutungwa zikiwa na mapumziko katikati, na jambo zito huwekwa karibu na hapo, basi simamisheni hapo mle. Kama ni Mmarekani, mfundishe kriketi kidogo wakati wa chakula: mpira uliopigwa ukivuka mpaka bila kugusa chini ni alama 6, ukigusa ni 4. Mechi inachukua sehemu kubwa ya mwisho, na asiyejua hesabu hiyo hataonja utamu wa mechi.

Ya pili iwe Sholay ya 1975, maana farasi, majambazi na bunduki anavijua kutoka filamu za kauboi. Kigeni kwake kitakuwa vichekesho na kilio kukaa pamoja. Pather Panchali ya Satyajit Ray, 1955, ndiyo Wazungu wengi hupewa kwanza. Ni kazi kubwa mno, lakini haimwandai kwa nyimbo na dansi, mwekee baadaye.

Kuhusu filamu ya RRR, angalia lugha. Ni ya Kitelugu, lugha ya kusini mwa India, ila mwaka 2022 Netflix iliiweka kwa sauti ya Kihindi, midomo ikaenda kwingine. Palipo na Kitelugu, chagua hicho.