Shaba na zinki zilivyoachana kwenye grafu yangu

Wiki mbili nzima, grafu ya nishati za eksirei kutoka ufunguo wa shaba iliyochanganywa na zinki ilinipa nundu moja tu pana. Ikichochewa kwa mionzi, shaba hutoa eksirei ya keV 8.05 (keV ni kipimo cha nishati), zinki 8.64, kigunduzi changu cha fuwele ya iodidi ya sodiamu hakiwezi kabisa kutenganisha nishati zilizokaribiana hivyo. Kwa miale ya gama kinafaa sana, hapa hapana.

Nikahamia cha silikoni chenye kipozeo na kidirisha chembamba cha berili (usikiguse hata kwa kidole, kinapasuka). Bado vilele vilikuwa vinene! Kumbe muda wa kuunda mapigo (muda ambao kifaa hutumia kuchakata kila ishara ya umeme kutoka kwenye kigunduzi) niliuweka mfupi mno, mikrosekunde 2. Nilipoupandisha hadi 20, kelele ya umeme ilishuka, na bonde likajitokeza taratibu kati ya shaba na zinki. Nilifurahi mno.