Angove: jina la mhunzi wa Cornwall

Kwenye nyumba ya kulelea wazee ninakofanya kazi hapa Camborne, nguo za wote hufuliwa pamoja. Kwa hiyo kila vazi limeshonewa kitambaa chembamba cheupe chenye jina la ukoo la mwenyewe kwa herufi nyekundu, kwenye kola au kiunoni. Zamu ya usiku ikitulia ndipo ninapokunja nguo, na hapo ndipo nilipoanza kuyasoma majina ya watu wa huku: Trembath, Penrose, Rosewarne, Tyack, Angove. Kabla ya hapo niliishi Leicester na sikuwahi kuyasikia. Nikaanza kuwauliza wazee, na kumbe hakuna swali wanalolipenda kama hilo. Mzee aliyekuwa hataki hata chai anakaa sawa kitini na kukueleza ukoo wake mpaka alfajiri.

Cornwall ni ile ncha ya kusini-magharibi kabisa ya Uingereza, na watu wake walikuwa na lugha yao, Kikornishi. Si lahaja ya Kiingereza hata kidogo. Ni ndugu wa lugha ya Wales na ya Bretagne kule Ufaransa. Richard Carew, aliyeandika habari za Cornwall mwaka 1602, aliuweka kwenye kitabu msemo kwamba kwa Tre, Pol na Pen utawatambua watu wa Cornwall. Tre ni shamba lenye makazi, pol ni bwawa, pen ni kichwa au ncha. Ndiyo maana ukisoma orodha ya majina ya huku ni kama unasoma ramani: watu wamebeba majina ya mashamba na mabonde walikotoka.

Angove ni tofauti, na ndiyo sababu nimelipenda kuliko yote. Halina shamba wala bonde ndani yake, lina kazi. Gov ni mhunzi, na an iliyotangulia inamfanya awe yule mhunzi mnayemjua nyote, wa kijijini hapa. Mkazo unakaa kwenye sehemu ya pili na jina linaishia kwenye v, bila irabu, kwa hiyo usilisome kama lilivyoandikwa. Ukivuka bahari hadi Bretagne utamkuta Le Goff, ambaye ni mhunzi yule yule, na Ayalandi kuna McGowan, mwana wa mhunzi. Na kwa kuwa kila kijiji kilihitaji mtu wa kutengeneza majembe na viatu vya chuma vya farasi, jina hili lilizaliwa mahali pengi kwa wakati mmoja. Ukiambiwa Angove wote ni wa babu mmoja, usikubali.

Ila yupo mhunzi mmoja ambaye kila Angove angependa awe babu yake. Mwaka 1497 mfalme Henry wa 7 aliwatoza watu kodi ya vita dhidi ya Uskoti. Watu wa Cornwall waliuliza vita vya huko mbali kaskazini vinawahusu nini wao maskini wa bati na samaki. Kutoka kijiji cha St Keverne alisimama mhunzi aliyeitwa Michael Joseph, akijulikana kama An Gof, yaani yule mhunzi, na kutoka Bodmin mwanasheria Thomas Flamank. Wakatembea na maelfu ya watu, nchi nzima ya kusini, hadi Blackheath kwenye malango ya London. Tarehe 17 Juni jeshi la mfalme likawashinda, na tarehe 27 viongozi hao wawili wakanyongwa na kukatwakatwa Tyburn, mahali pa kunyongea watu London. Inasimuliwa kwamba akipelekwa kuuawa, An Gof alisema atakuwa na jina la kudumu na sifa isiyokufa.

Lakini tazama: katika kumbukumbu za wakati ule anaandikwa Michael Joseph, mhunzi. An Gof ilikuwa kazi yake. Jina la ukoo la kurithishwa lilikuwa bado halijatulia huku, na Carew anaeleza walivyokuwa wakiitana. John mwana wa Thomas anayekaa Pendarves aliitwa John Thomas Pendarves. Jina lako, jina la baba, halafu mahali. Mimi mtu wa Pangani niliposoma hapo niliona nasoma habari za kwetu. Sheikh Uways bin Muhammad al-Barawi, yule wa tarika ya Qadiriyya anayeheshimiwa Zanzibar na mwambao wote, jina lake limepangwa vivyo hivyo: yeye, baba yake, na mji wake wa Barawa huko Somalia. Carew anasema hata kwamba watu walibadilisha majina kwa kuhama nyumba. Wa Trengove wakawa Nance. Na Trengove yenyewe maana yake ni shamba la mhunzi.

Kilichokuja kuyafunga majina ni maandishi. Tangu 1538 makanisa yaliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na mazishi, na karani aliandika alivyosikia. Mwana wa mhunzi aliyekuwa mvuvi akabaki Angove kitabuni, na mjukuu wake mchimba bati naye Angove.

Sisi tunaotoka Tanzania tunayajua mambo ya karani. Fomu ya huku inataka jina la ukoo, nasi tuna majina matatu: langu, la baba, la babu. Kwa hiyo babu yangu mzaa baba ndiye ukoo wangu kwenye karatasi, babu wa mke wangu ndiye ukoo wake, na watoto wetu wana jina la baba yangu. Kwenye ofisi moja niliulizwa, mbele ya watu, kama kweli sisi ni familia moja. Nilichukia sana siku ile. Ningekuwa nimeshamsoma Carew ningemwambia yule dada kwamba mababu wa watu wa Cornwall nao wangeshindwa kuijaza fomu yake.

Kama unauliza jina hili limeenea kiasi gani, jibu ni kwamba si la wengi. Hata hapa Cornwall yanayoongoza ni Williams, Thomas, Richards na mengine yatokanayo na majina ya akina baba. Angove utalikuta zaidi kwenye ukanda huu wa migodi, Camborne na Redruth na vijiji jirani. Lakini limefika mbali kuliko wingi wake. Bei ya shaba ilipoanguka miaka ya 1860 migodi ilifungwa na wanaume wakaondoka: Moonta huko Australia Kusini, Grass Valley huko California, Pachuca huko Meksiko, kisha dhahabu ya Johannesburg. Walipewa jina la utani la Cousin Jack, na ilisemwa kwamba popote palipo na shimo ardhini utamkuta mtu wa Cornwall chini yake. Daktari William Angove alihamia Australia Kusini, na mwaka 1886 akaanza kilimo cha zabibu ambacho wazao wake wanakiendesha mpaka leo.

Jambo lililonigusa kuliko yote ni pesa. Nyumba za Redruth na Camborne zilikula kwa fedha zilizotumwa kutoka Transvaal, huko huko kwenye dhahabu ya Johannesburg. Wake walikuwa wakiisubiri barua ya meli kama wenzetu wanavyosubiri ujumbe wa M-Pesa mwisho wa mwezi, na vita vya Makaburu vilipozuka mwaka 1899 fedha zikakatika na watu wakaona njaa. Wajukuu wa wanawake hao ndio ninaowaogesha na kuwalisha. Mzee mmoja aliponiuliza ninatuma nyumbani kila mwezi au kila wiki, nilijua swali lile linatoka kwao.

Dolly Pentreath wa Mousehole, anayetajwa mara nyingi kuwa mtu wa mwisho aliyelelewa kwa Kikornishi, alifariki mwaka 1777. Baada yake watu waliendelea kuitana kwa lugha wasiyoielewa tena, yule mhunzi, yule mweupe Angwin, yule mkulima Tyack, vizazi kadhaa. Mwaka 1904 Henry Jenner alitoa kitabu cha kuifundisha upya, na mwaka 2002 serikali ya Uingereza iliitambua rasmi. Leo ipo mitaani kwenye vibao vya majina ya njia. St Keverne nako, tangu 1997, sanamu ya mhunzi na mwanasheria wake imesimama kijijini, na kila tarehe 27 Juni watu huwakumbuka. Nimeshamwomba msimamizi wangu anibadilishie zamu ya siku hiyo, niende na wanangu.