Sita ya marubani si saa sita yetu

Nipo Tanga kwa likizo, wiki ya pili hii, baada ya miaka minne bila kukanyaga nyumbani. Jana alasiri tumekaa barazani kwa mjomba, Ngamiani, kahawa chungu na kashata, akaniuliza Kiingereza cha kazini kwetu kikoje. Nikamsimulia habari ya sita.

Nafanya kazi ghalani, Uingereza. Msimamizi wetu wa zamu alitumikia jeshi la anga. Mwezi wangu wa kwanza nilikuwa nimeinama nafunga maboksi, akanipigia ukelele niangalie sita. Kwangu mimi sita ni saa sita, jua la utosi, mishale yote juu kwenye 12. Nikainua macho mbele. Kumbe foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, inarudi kinyumenyume mgongoni kwangu. Dereva aliwahi breki. Kitako cha mashine kilisimama shubiri moja na kiuno changu.

Rubani wa kivita hujiweka katikati ya uso wa saa: pua ya ndege iko kwenye 12, mkia kwenye 6. Adui wa kuogopwa ni yule wa sita, maana humwoni. Ndiyo maana mtu akikwambia anakushikia sita, anakulinda mgongo. Mjomba akavua saa yake, akailaza jamvini, 12 ikaelekea bandarini. Akaikodolea macho.

"Basi sita yao ndiyo kumi na mbili yetu. Na saa sita yetu ndiyo pua yao. Wangekuua, mwanangu."

Yako mengine. Roja, ambayo hata walinzi wa hapa wanaisema redioni, ni jina la herufi R katika alfabeti ya zamani ya redioni, R ya "received", yaani "imepokelewa". 1956 R ikawa Romeo, roja ikabaki. Meneja akisema amekula flak, amelaumiwa vibaya: ni kifupi cha neno la Kijerumani, Fliegerabwehrkanone, mzinga wa kutungulia ndege. Lililonishtua ni bahasha. Mkutanoni tuliambiwa tuisukume bahasha, nami natoka nchi ambayo bahasha ikisukumwa mezani kila mtu anajua kilichomo! Kumbe kwa marubani wa majaribio bahasha ni mipaka ya kasi, kimo na mzigo ambayo ndege inaihimili. Kuisukuma ni kwenda hadi ukingoni.

Mjomba, aliyesafiri na majahazi ya Pemba ujana wake wote, hakuona ajabu. "Karani wa benki anasema mambo yameenda mrama. Mrama anaujua?" Akalaza kiganja, akakiyumbisha ubavu kwa ubavu kama chombo kwenye mawimbi. "Sisi hatukutaka saa. Mbele omo, nyuma tezi."

Kinachoniuma ni kwamba mafunzo ya usalama tulipewa siku nzima, na hakuna aliyetutafsiria neno hilo moja. Siku hizi akija mgeni kwenye zamu yetu, Mswahili au asiwe, kabla hajagusa boksi namgusa mgongoni: sita ni hapa.