Kirikuu yangu ya umeme na beringi mbili nilizoua

Ukiniambia nifunge alternata, kile kifaa cha kuzalisha umeme kikizungushwa, kwenye tairi ili gari lijichaji lenyewe, urafiki wetu umeishia hapo. Nimeshauriwa hivyo na watu wengi, wengine mafundi kabisa. Hiyo alternata itazungushwa na nini kama si betri hiyohiyo? Ni kujikopesha hela za mfukoni mwako halafu ukajidai riba.

Kirikuu yangu iliua injini nikasema sinunui nyingine. Nikaagiza mota ya brashi na kontrola ya volti 72, ile ya kupimia mota umeme kutoka kwenye betri, zote kutoka China. Giaboksi nikaiacha ileile. Betri nilianza na 6 za sola, zile za risasi. Uzito wa magunia mawili ya mahindi, na kwenye kilima cha Goba zikakata roho katikati. Nilisukumwa na wauza mahindi ya kuchoma, wananicheka. Anza na lithiamu moja kwa moja: seli 24 za volti 3.2, mfululizo, na BMS yake, ile saketi ya kulinda seli.

Ila kilichoninyoosha ni kukutanisha shafti ya mota na ya giaboksi. Nilikata kitovu chenye meno cha klachi pleti kuukuu, nikakichomelea kwenye bushi ya mota, nikafunga pleti ya chuma katikati, nikapima kwa jicho. Jicho langu! Gari likanguruma kama mashine ya kusaga, siku ya pili beringi ya giaboksi kwisha. Nikaweka mpya, nikapima kwa rula. Nayo kwisha.

Usiku mmoja akili ikanijia. Nikapanua kidogo matundu ya bolti za ile pleti, nikazilegeza, gia huru, mota nikaipa betri moja tu ya volti 12. Jicho kwenye mita ya ampea, mkononi nyundo ya mti: tk, tk. Shafti zikipishana mota inahangaika, ampea zinapanda, zikinyooka zinashuka. Zilipogoma kushuka zaidi na mvumo ukakata, nikakaza, nikatoboa na kupachika pini mbili. Fundi wa kukereza alitaka laki tatu. Nyundo niliazima.

Buusta ya breki hutegemea injini ifyonze hewa, kwa hiyo funga pampu ya umeme ya kufyonza. Mimi nililikumbuka hilo nikiwa nateremka.

Jumla milioni saba na ushee. Mke wangu anasema kumi. Usiku nachaji uniti kama 7 za LUKU, natembea kilomita 50 hivi. Mshale wa mafuta bado umelala kwenye E, na kila akipanda mke wangu ananikumbusha tupitie sheli.